Dada wa Meza ya Dirishani

Mpima alikuwa ameshaketi, ameshakunja mikono ya shati, na ameshaipangusa meza kwa leso yake mwenyewe kwa sababu hakuwa na imani na kitambaa cha mkahawa wowote duniani, alipoinua macho akamwona binti yake amesimama mbele yake, amevaa aproni ya kijani, kalamu sikioni.

Ilikuwa Jumatano. Katika ofisi ya upimaji wa ardhi, Jumatano ilikuwa siku ya kula nje. Mpima, Mhasibu na Dereva waliacha vibakuli vyao vya nyumbani, wakaenda kutafuta mkahawa ambao hawajawahi kuutia mguu. Sheria hiyo aliitunga Mpima mwenyewe. "Mahali tulipokwisha kula ni kiwanja kilichokwisha kupimwa," alizoea kusema, "hakirudiwi." Wiki hiyo zamu ya kuchagua ilikuwa ya Mhasibu, naye aliwapandisha ngazi hadi mkahawa ulio juu ya duka la rangi, wakapata meza ya dirishani, kwa kuwa alisikia samaki wa hapo hawana mfano.

Baba na mwana walitazamana. Ofisini kote ilijulikana kwamba binti wa Mpima, yule aliyeitwa Chiriku tangu utotoni kwa wingi wa maneno, anasomea ufamasia. Haikujulikana kwamba chuo kilikuwa kimemrudisha nyumbani baada ya kushindwa mtihani wa marudio, wala kwamba baba yake alikuwa amempa amri ya kukaa ndani, asizurure mitaani, mpaka atafutiwe chuo kingine. Mama yake alikuwa amesema kwamba mtoto anakwenda kujifunza cherehani kwa jirani. Kumbe cherehani yenyewe ndiyo hii.

Binti alikuwa anataka kusema. Mpima aliiona midomo yake ikifumbana kutamka neno ambalo alikuwa amelisikia kila siku tangu mtoto alipojua kusema, na hofu ikamshika, akamtangulia.

"Dada, tuletee maji ya kunywa kwanza."

Midomo ilikuwa imeshafumbana kwa ajili ya neno lile. Ikabidi ifumbuke kwa neno jingine.

"Mzee, karibu," alisema binti. "Karibuni, wazee. Maji ya baridi au ya kawaida?"

"Ya kawaida, dada," Mhasibu akadakia. "Baridi nimeiacha nyumbani kwa mke wangu."

Mhasibu alicheka kwa ajili ya wote watatu. Binti aliandika maagizo yao, akayasoma tena kwa sauti ya upole, akaondoka. Mpima alimtazama mgongo mpaka alipopotea nyuma ya pazia la jikoni, akajiambia kwamba jambo lenyewe si kubwa. Kila mhudumu wa kike huitwa dada. Nyumbani atamweleza, naye ataelewa, maana ni mtoto mwenye akili.

Pengine lingeishia hapo. Lakini Mhasibu alikuwa mtu asiyevumilia meza yenye kimya, na chakula kilipoletwa, binti akiwa bado anatua sahani, akauliza: "Eti Mpima, yule daktari wetu wa dawa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri," alijibu Mpima, macho kwenye chupa ya pilipili. "Mwaka huu anamaliza."

Sahani ya mwisho ililala upande. Mchuzi ukamwagika ukingoni, ukarukia mkono wa shati la Mhasibu.

"He! Dada, mikono yako imelala?"

"Samahani sana, mzee. Nakuletea kitambaa."

Hapo Mpima alitakiwa kunyamaza tu. Hakuna aliyemwuliza neno. Lakini aliyeficha kitu huona kila macho yanamtazama, na yeye akadhani kwamba akiwa mkali kuliko wenzake hakuna atakayemshuku.

"Kama kubeba sahani mbili kunakushinda, dada," alisema, "katika dunia hii utaweza kitu gani?"

Yalikuwa karibu maneno yaleyale aliyomwambia sebuleni siku matokeo yalipokuja. Sahani tu ndizo zilikuwa mpya. Binti alisimama akiwa ameshika kitambaa, halafu akainama akafuta meza, taratibu, akianzia upande wa baba yake.

"Pole, mwanangu," alisema Dereva, ambaye kwa kawaida hakuzungumza mezani. "Hakuna kilichoharibika."

Walipoinuka, Mpima aliwaacha wenzake watangulie ngazini, akachomeka noti chini ya kisahani, noti kubwa kuliko bakshishi zote alizowahi kutoa maishani mwake. Mhasibu, aliyegeuka kumwita, aliiona.

"Ama! Leo jua limetokea wapi? Mtu unamgombeza halafu unamhonga?"

Mpima alijibu kwamba twende, kazi zinangoja.

*

Chakula cha jioni kilikuwa kimekwisha tengwa Chiriku alipoingia. Alimwamkia mama yake, akanawa mikono, akasogea kwenye kiti cha baba yake, akaiweka ile noti kando ya sahani, imenyooshwa vizuri.

"Mzee, ulisahau chenji yako mezani."

Mama Chiriku alicheka. "Tangu lini baba yako akawa mzee?"

"Tangu mchana, mama."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mpima. Angepiga kelele, angejua la kufanya, kwa sababu kelele za watoto aliijua dawa yake. Lakini binti alisimama wima nyuma ya kiti, mikono mgongoni, akangoja mpaka baba yake alipotia tonge la kwanza kinywani.

"Chumvi imekaa sawa, mzee? Utahitaji kitu kingine?"

"Acha mchezo, kaa ule."

"Samahani, mzee."

Akaketi, akala. Tangu jioni hiyo ndivyo alivyomwita. Asubuhi alimwambia, "Shikamoo, mzee," akitoka alimwambia, "Siku njema, mzee," na viatu vyake akavipiga rangi kama zamani, akavitua mlangoni, "Viatu vyako tayari, mzee." Hakuna hata mara moja alipomkosea heshima. Mtu wa nje angesikia angesema kwamba huyu ni mtoto aliyelelewa. Mama alicheka siku mbili za mwanzo, halafu akaacha kucheka.

Asubuhi moja, mkewe alipokuwa anampigia pasi shati la kazini, Mpima alimkabili.

"Mama Chiriku, wewe ulijua kama anafanya kazi pale?"

"Nilijua."

"Ukanificha mimi, mume wako."

"Nilikuficha, ni kweli." Akaligeuza shati, akaanza na kola. "Nilikuficha wewe, na wewe ukamficha yeye. Ila mimi sikumficha mtu akiwa amesimama mbele yangu na kalamu sikioni."

"Ulitaka nifanye nini mbele ya watu?"

"Ungesema, 'Huyu ni mwanangu.' Maneno hayo yana uzito gani, Baba Chiriku, hata yakushinde?"

Mpima aliangalia dirishani. "Mwambie aache kuniita mzee. Mimi si mteja wake."

"Mwambie mwenyewe. Si mnazungumza? Nasikia hata maji ulimwagiza."

Hakumwambia. Alikuwa mtu ambaye angekubali kurudia kupima shamba zima, juani, kuliko kukiri mbele ya vibarua kwamba alisoma mnyororo wa kupimia vibaya. Neno samahani alilijua sana, lakini alizoea kulipokea, hakuzoea kulitoa. Kila jioni alirudi ameliandaa, na kila jioni binti alimkaribisha mlangoni kwa adabu ile kamili, akampokea mkoba, na neno likarudi tumboni. Akajipa moyo kwamba mtoto atachoka.

Mtoto hakuchoka. Mwisho wa mwezi alitoka chumbani na begi. Alikuwa amepata chumba cha kushirikiana na wahudumu wenzake upande wa pili wa mji, na kazi mpya mahali pengine. Mama yake alikuwa ameshalia, macho yamemvimba. Mpima alisimama katikati ya sebule. Alichotaka kusema ni "Usiende." Kilichotoka ni hiki:

"Ukivuka mlango huo usije ukarudi kunililia hapa."

Binti alilitua begi, akamtazama kama anayetafuta kitu alichokwisha kukata tamaa ya kukipata, akalinyanyua tena.

"Asante, mzee," alisema mlangoni. "Karibu tena."

*

Mama Chiriku alijua binti yao alikohamia na alikofanya kazi, lakini alisema ameapishwa asiseme, na akaapa kwamba hatasema. Mpima naye akaapa kwamba hatauliza. Badala yake alianza kuziomba zamu za Jumatano.

Wenzake walishangaa. Huyu aliyekuwa akinung'unika kila wiki kwamba meza za mikahawa ni chafu, sasa alikuwa wa kwanza kusimama saa ya chakula ikifika. Aliwapeleka nyuma ya gereji, mahali ambapo mafundi walikula mikono bado na grisi na chai ilitolewa katika vikombe vya bati, na meza ya hapo hakuipangusa kwa leso. Aliwapeleka kwenye mkahawa wenye vitambaa vyeupe na mhudumu wa kiume mwenye tai, maharage yakaja katika bakuli la udongo lenye kifuniko, na Mhasibu akayaonja akasema ni maharage yaleyale ila yamevalishwa. Aliwapeleka sokoni, wakabanana kwenye benchi na wapagazi, kila mtu akijipakulia. Kote huko Mpima alikula bila kujua anakula nini. Mlango wa jikoni ukifunguka, shingo inageuka. Jumatano haikumtosha tena, akaanza kwenda peke yake siku nyingine, anakunywa chai hapa, supu kule, mchana mmoja akaingia mahali patatu, akarudi ofisini tumbo limejaa maji.

"Mwenzetu uzee umempanda kichwani," Mhasibu alisema mbele ya ofisi nzima. "Zamani alipima viwanja, siku hizi anapima wahudumu!"

Watu walicheka, na Mpima akatabasamu kwa shida. Lakini maneno yalikuwa na ukweli wake, na ukweli huo ulimpata kwenye mkahawa mmoja karibu na kituo cha mafuta. Alikuwa amewaacha wenzake mezani, akaenda kaunta, akamwinamia mama wa pale aliyeshika kisanduku cha fedha.

"Samahani, mama. Hapa mna wahudumu wa kike vijana? Wageni, walioanza karibuni?"

Mama yule alimpima kuanzia mvi mpaka viatu.

"Mzee, hapa tunauza chakula," alisema, wala hakupunguza sauti. "Hicho kingine katafute mbele, na aibu uwe nayo."

Mkahawa mzima uligeuka. Kijana mmoja alipiga mluzi. Mpima alitaka kujieleza, akaona kwamba kila maelezo yataanza na neno moja, "mwanangu," na neno hilo, likisemwa pale, hakuna atakayeliamini. Alitoka nje bila kula, akaingia garini.

Wenzake walimfuata. Mhasibu alianza mzaha, akaona sura yake, akauacha njiani.

"Yule dada wa juu ya duka la rangi," alisema Mpima gari lilipoondoka. "Yule aliyekumwagia mchuzi."

"Namkumbuka. Shati lile hata leo lina doa."

"Ni binti yangu. Ndiye Chiriku."

Mhasibu alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akasema, na mara hii bila mzaha: "Nami nikamwambia mikono yake imelala."

"Nami nikaongeza," alisema Mpima.

Dereva hakutoa macho barabarani.

"Mkuu," alisema, "mimi ndiye niliyepakia sanduku lake siku alipokwenda chuoni. Nilimjua tangu alipotokeza kwenye pazia."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ulipomwita dada, nikaelewa kwamba hutaki ajulikane. Mimi ni nani nimtambulishe mtoto wa mkuu wangu?" Akabadilisha gia. "Naye alijua kama nimemjua. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo hivi. Alikuwa anakulinda, mkuu. Aliogopa nisije nikakuaibisha."

Mpima aliegemeza kichwa kwenye kioo. Kwa hiyo aibu aliyoikimbia ilikuwa imeketi mezani pamoja naye tangu mwanzo, inakula samaki, na aliyesimama kuifunika alikuwa mtoto yule yule ambaye yeye alimtupa.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza, na hakuona tena haya ya kuuliza.

"Mkahawa ulio mkabala na hospitali kuu. Nikimpeleka mama watoto kliniki tunakula pale."

*

Alikwenda Jumamosi, peke yake, amevaa shati alilopigiwa pasi na mkewe bila kuulizwa linakwenda wapi. Ilikuwa saa ya kutembelea wagonjwa. Mkahawa ulifurika watu wenye vikapu na chupa za chai, manesi waliokula wamesimama, na mlangoni foleni ya wanaongoja meza. Alimwona mara moja. Alikuwa amevaa fulana ya bluu, anapita katikati ya viti akiwa na sahani tatu, mbili mkononi na moja juu ya kigasha cha mkono, na hakuna hata tone lililomwagika.

Naye alimwona. Alimwonyesha meza ya pembeni kwa kidevu, akaendelea na kazi.

Mpima alikuwa amekariri atakayosema. Yalikuwa mazuri, yamepangwa, na pengine angeyasema yakasaidia, kama mteja mmoja mnene aliyekaa karibu na kaunta asingepiga meza kwa kijiko.

"We dada! We dada, husikii? Una masikio au mapambo?"

Mpima alijikuta amesimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Bwana! Huyo unayemkaripia ana baba yake! Huyu ni mwanangu! Nasema mbele ya watu wote, huyu ni mwanangu!"

Kelele zote zilikatika. Hata jikoni sufuria zilinyamaza. Mteja mnene alimtazama kwa mshangao, kijiko bado hewani.

"Hongera, mzee," alisema. "Lakini hata awe mtoto wa nani, mimi niliagiza samaki, nimeletewa maharage."

Kicheko kililipuka kutoka meza hadi meza. Mwenye mkahawa alitokeza akifuta mikono. "Kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu, bosi," alisema Chiriku haraka. "Kosa ni langu. Namletea samaki wake."

Alibadilisha sahani, akamwomba mteja radhi, akakiinua kiti cha baba yake. Kisha akamletea wali na samaki, na kabla hajaomba akamwongezea mchuzi, pembeni, kama anavyopenda. Mpima alikula kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Binti aliporudi kuondoa sahani, alimshika kwa maneno.

"Nimewaambia watu wote."

"Nimesikia."

"Nimesema wewe ni mwanangu."

"Siku ile ungesema ningefurahi mpaka sahani zote zianguke." Alizungumza chini kwa chini, huku akikusanya mifupa. "Leo bosi ananiuliza kama nimeanza kuleta ukoo wangu kugombana na wateja wake. Hapa niko kwenye majaribio."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

"Rudi nyumbani, mama. Nilikosea. Nimekosea sana." Lilikuwa limetoka, neno lile lililomkwama miezi yote, na alishangaa kuona kwamba halikuwa zito hata kidogo. Angeweza kulisema siku yoyote.

Chiriku aliacha mkono juu ya meza kidogo. Macho yake yaling'aa, kisha yakakauka. Mlangoni palikuwa na bibi mmoja ameshikwa kwapani na mwanawe, bendeji mguuni, anatafuta pa kukaa.

"Nitakuja kumwona mama nikipata siku," alisema. "Sasa nenda nyumbani, Baba. Watu wanasubiri meza."

Hilo ndilo neno alilolitafuta mji mzima, gereji na sokoni, chai kwa chai. Alikuwa amelipata, na lilikuja limefungamana na ombi la kuondoka. Alisimama, akampisha yule bibi, akalipa kaunta bila kumtazama mtu, akatoka.

*

Mama Chiriku alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anachambua mchele kwenye ungo. Alimwona anavyovua viatu, akajua.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amekuitaje?"

"Ameniita Baba."

Mama aliinua uso, ukawaka. "Alhamdu! Atarudi lini?"

"Amesema niondoke, watu wanasubiri meza."

Uso ulirudi kwenye ungo. Vidole viliendelea kutenga chuya na mchele. "Amekonda?"

Mpima alijaribu kukumbuka. Aliikumbuka fulana ya bluu, na sahani iliyokaa juu ya kigasha. "Sijui. Anafanya kazi vizuri."

"Wewe umekula?"

"Nimekula. Samaki. Aliniongezea mchuzi."

"Na yeye?" mama aliuliza. "Saa ile, watu wote wale, mtoto alikuwa amekula?"

Shibe ya chakula alichopakuliwa na mwanawe ilikuwa bado inamlemea Mpima tumboni. Aliketi pale muda wote, akaletewa, akaongezewa, akaondolewa sahani, akadai asamehewe. Na swali hilo, ambalo hata mpita njia huulizwa mlangoni mwa watu, halikumpitia kichwani.

"Sikumwuliza," alisema.